Kobo, SMART, iNaturalist au Forest Watcher: ipi iingie kwenye simu za kamati ya kijiji?

Kamati ya maliasili ikipata simu mbili tatu za Android, swali la kwanza huwa "tuweke programu gani?" Swali hilo huja mapema mno. Programu hizi nne zote unaweza kuanza nazo bila kulipa, zote hurekodi porini pasipo mtandao, na zote zinaweza kuweka alama ya GPS kwenye kila rekodi. Kinachozitenganisha hakiko kwenye simu: rekodi ikishatoka porini inakwenda wapi, nani anaisoma, na akishaisoma anaamua nini. Kikundi kisichokuwa na majibu hayo kitakusanya picha elfu za visiki, na siku ya mkutano mkuu wa kijiji hakitakuwa na la kusema.

Ulinganisho huu ni wa kamati za misitu ya vijiji na askari wa wanyamapori wa vijiji (VGS) Tanzania, hifadhi za jamii na jumuiya za misitu (CFA) Kenya, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe (BMU) vya pwani na maziwa, na vikundi vya aina hiyo Uganda na mashariki mwa Congo.

## Vigezo kabla ya majina

Cha kwanza ni uamuzi unaongoja taarifa. Kupanga doria ya wiki ijayo ielekee wapi ni uamuzi mmoja. Kumwonyesha afisa misitu wa wilaya kwamba uvunaji umevuka mpaka ni mwingine. Kujua msitu una aina ngapi za vyura ni jambo la tatu, na pengine halihitaji doria hata kidogo. Andikeni uamuzi huo kwa sentensi moja. Sentensi ikikataa kuja, subirini kununua simu.

Cha pili ni juhudi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Chukua mfano: Januari doria zilitembea kilomita 60 zikaondoa mitego ya waya 12, Februari zilitembea kilomita 150 zikaondoa 15. Kwenye ubao wa ofisi ya kijiji itaonekana ujangili umepanda. Kwa kila kilomita, umeshuka kwa nusu, kutoka mtego 0.2 hadi 0.1. Programu isiyorekodi umbali au saa zilizotumika haiwezi kukupa hesabu hii, hata picha zake ziwe nzuri vipi.

Cha tatu ni mtu wa kompyuta. Simu ni sehemu rahisi. Ugumu uko kwa mtu atakayekaa mwisho wa mwezi, afute rekodi zilizojirudia, arekebishe majina ya miti na atoe ukurasa mmoja wa kusomeka. Kama mtu huyo hayupo kijijini wala kwa shirika mshirika, chagueni chombo chepesi kuliko mnachokitamani.

Cha nne ni siri ya mahali. Rekodi ya kinyonga adimu au ya mti wa mpingo mkubwa ni faida kwa mtafiti na ni ramani kwa mwizi.

Cha tano ni gharama zisizoandikwa kwenye bajeti: bando, chaji, mafunzo ya kurudia. Picha moja ya simu ya siku hizi huwa na MB 3 hadi 4. Doria ikirudi na picha 40, hizo ni zaidi ya MB 120 za kupandisha. Zikipunguzwa hadi pikseli 1024 kwa upande mrefu, nyingi hushuka chini ya KB 300, na mzigo wote unakuwa kama MB 12. Pawabenki ya mAh 20,000 hujaza simu yenye betri ya mAh 5,000 mara mbili na nusu hivi. Si mara nne, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani.

Cha mwisho ni mlango wa kutokea: je, rekodi zenu mnaweza kuzitoa zote, katika faili la kawaida, siku mradi ukifungwa? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililo kwa mfadhili si daftari lenu.

## Makosa matatu yanayoharibu rekodi kwenye programu yoyote

GPS haili bando. Simu hupokea ishara za setilaiti moja kwa moja. Mtandao huharakisha tu mwanzo. Pasipo mtandao, hasa simu ikiwa ilizimwa kwa siku kadhaa, kupata mahali pa kwanza huchukua dakika kadhaa. Washeni GPS mahali pa wazi kabla ya kuingia chini ya miti, na msirekodi mpaka usahihi unaoonyeshwa ushuke chini ya mita 10.

Kuokoa betri hukata njia. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu inayofanya kazi huku skrini imefungwa, kwa hiyo mstari wa doria hutoka vipandevipande, au mstari mmoja ulionyooka unaovuka mto ambao hakuna aliyeuvuka. Ingieni kwenye mipangilio ya betri, tafuteni jina la programu, na muiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Hakikini tena kila simu inaposasishwa.

La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo halionekani. Ramani nyingi za mipaka ya vijiji na misitu Tanzania na Kenya zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuandika mahali kwa namba, ilhali simu hutoa mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za ramani ya zamani kama zilivyo, mpaka mzima husogea takriban mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kisiki kilichokatwa ndani ya msitu wa kijiji kitaonekana kwenye shamba la jirani, na kesi itafia hapo. Mwombeni mpimaji wa wilaya aubadili mpaka kwa QGIS, programu ya ramani ya bure, kisha mtembee hadi kwenye vigingi viwili au vitatu na kulinganisha na simu.

## KoboToolbox

Kazi yake. Ni fomu za maswali zinazojazwa kwa simu. Kobo ilianzia Harvard Humanitarian Initiative na imejengwa juu ya ODK, mfumo uleule ambao Taasisi ya Jane Goodall iliutumia na waangalizi wa misitu ya vijiji mkoani Kigoma kurekodi ukataji, mashamba mapya na dalili za sokwe. Fomu mnaitunga wenyewe, kwa Kiswahili, kwa swali lolote mnalotaka.

Mahitaji. Simu ya Android yenye KoboCollect, akaunti moja ya kikundi, na mtu anayeweza kutumia Excel. Akaunti ya bure ina kikomo cha fomu kwa mwezi na cha nafasi ya picha. Kwa kamati ya kijiji kimoja kinachobana mapema ni picha, ndiyo sababu nyingine ya kuzipunguza.

Kuanza. Tungeni fomu ya maswali nane: namba ya doria, aina ya tukio, spishi, idadi, kipya au cha zamani, GPS, picha, maelezo. Msirefushe: kwenye fomu ndefu, swali la 12 ndipo majibu ya kubahatisha yanapoanzia. Maswali yawe ya kuchagua, si ya kuandika, isipokuwa maelezo. Spishi ziorodhesheni kwa majina ya hapo kijijini, mninga, mkongo, mpingo, lakini kila jina libebe msimbo mmoja nyuma yake, maana mti mmoja huitwa majina mawili upande huu na ule wa mto. Wekeni kizuizi kwenye idadi ili asiyetazama asiandike visiki 500 badala ya 5. Chaguo la "nyingine" liwepo, na kila mwisho wa mwezi lisomwe: jibu likijirudia mara tatu, lipandishwe kwenye orodha. Jaribuni fomu nyuma ya ofisi kwa siku nzima kabla ya kuipeleka porini.

Panapokwama. Fomu ikibadilishwa kwenye seva, simu hubaki na toleo la zamani mpaka ipakue jipya, na mwisho wa mwezi mnapata safu mbili za jibu moja. Mtu akiifuta programu ili kupata nafasi ya video, fomu ambazo hazijatumwa huenda nayo. Kundi la maswali linalojirudia ndani ya fomu moja (visiki vitano kwenye tukio moja, tuseme) hutoka kwenye Excel kama karatasi ya pili, na asiyejua huiacha. Kubwa zaidi: Kobo haifuati njia ya doria yenyewe. Juhudi lazima muitengeneze, kwa fomu fupi ya kuanza na fomu fupi ya kumaliza zenye saa, mahali na idadi ya watu. Vikundi vingi huacha hatua hii kwa sababu inaonekana ni karatasi za bure, kisha mwakani haviwezi kulinganisha chochote.

Angalieni pia mipangilio ya kushirikisha. Ruhusa ya kila mtu kuona majibu isiwashwe kamwe kwenye fomu yenye picha za watuhumiwa au namba za pikipiki. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022. Uso wa mtu ni taarifa binafsi hata akiwa amebeba mkaa.

Inawafaa wenye maswali ya aina nyingi, au swali ambalo si la doria. BMU inayopima mzigo bandarini (chombo, zana kama dema au mshipi, aina ya samaki, kilo, bei) itaipenda. Vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga miamba ya pweza kwa muda vinahitaji hasa uzito wa pweza mmojammoja kabla ya kufunga na siku za kufungua, na fomu ya maswali sita inatosha.

## SMART

Kazi yake. Kurekodi doria nzima: njia, saa, watu, na kila kilichoonekana. Inasimamiwa na ushirikiano wa mashirika ya uhifadhi, yakiwemo WCS, WWF, ZSL na Frankfurt Zoological Society. Upande wake wa simu umetokana na CyberTracker, ambayo Louis Liebenberg wa Afrika Kusini aliianzisha miaka ya 1990 ili wafuatiliaji wa nyayo wasiojua kusoma warekodi kwa kubonyeza michoro. Sifa hiyo ingali ndani yake, na ni kubwa kuliko inavyotangazwa: mzee anayejua kinyesi cha pofu na cha tandala asiachwe nje kwa sababu ya herufi.

Mahitaji. Kompyuta mpakato inayotegemewa, simu, na mtu aliyefundishwa ambaye ana angalau siku mbili kwa mwezi za kuhudumia mfumo. Programu ni bure. Seva yake, SMART Connect, inahitaji anayeihifadhi na kuilipia. Kijiji kimoja kinaweza kuanza bila hiyo kwa kuhamisha doria kutoka kwenye simu hadi kompyuta kwa waya wa USB.

Kuanza. Kwenye kompyuta fungueni eneo la hifadhi, ingizeni mpaka (ule uliokwisha kubadilishwa kuwa WGS 84), vituo, majina ya askari na aina za doria. Kisha jengeni orodha ya vitu vya kurekodi. Hapa watu huharibu kwa pupa, wakichukua orodha ya hifadhi ya taifa yenye mamia ya vitu. Anzeni na makundi sita: wanyama, mizoga, mitego, visiki na matanuru ya mkaa, mifugo, watu. Kila kundi lisizidi hatua tatu za kubonyeza. Ipelekeni kwenye simu, tembeeni doria ya majaribio ya saa mbili, iingizeni kwenye kompyuta, mtazame ramani pamoja na waliotembea. Wao ndio watakaosema "hapa hatukupita."

Panapokwama. Doria isiyofungwa inaendelea kuhesabu kilomita kwenye bodaboda ya kurudi nyumbani. Matoleo ya simu na kompyuta yasipolingana, faili hukataa kuingia. Kompyuta moja ikiungua, miaka mitatu imekwenda. Nakala iwekwe kila mwezi kwenye diski inayolala jengo jingine. Nenosiri la msimamizi lijulikane na watu wawili. Na kuna kasoro isiyo ya kiufundi: askari wakijua kilomita zinahesabiwa, hutembea barabarani. Kilomita zitapanda, mitego kwa kilomita itashuka, na kila mtu atashangilia. Tazameni ramani ya njia, si jumla peke yake.

Inawafaa wenye doria za kawaida, walau nne au tano kwa mwezi, na bosi au bodi inayokaa kila mwezi kuzipanga upya. Pia inafaa pale jirani yenu, iwe hifadhi ya taifa au eneo jingine la jamii la hifadhi ya wanyamapori (WMA), tayari anaitumia, kwa kuwa taarifa zitasomana. Kwa kamati ya watu sita wanaoingia msituni mara moja kwa mwezi, ni mzigo mkubwa kuliko safari.

## iNaturalist

Kazi yake. Kutambua viumbe. Unapiga picha au kunasa sauti, mfumo unapendekeza jina, na watu wengine duniani wanakubali au wanasahihisha. Rekodi yenye tarehe, mahali na ushahidi, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wamekubaliana kwenye spishi, hupata daraja la utafiti. Zenye leseni inayoruhusu huingia GBIF, ghala ambalo wanasayansi huchota. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Mahitaji. Simu yenye kamera nzuri kuliko zile za doria, na uvumilivu. Kompyuta si lazima. Mwenye akaunti awe na umri wa miaka 13 au zaidi. Kwa watoto wa shule ya msingi kuna Seek, dada yake, inayotambua viumbe bila kujisajili.

Kuanza. Kila mmoja afungue akaunti yake. Kisha kikundi kifungue mradi unaokusanya wenyewe rekodi zote za ndani ya mpaka wa msitu. Mafunzo yawe juu ya picha zaidi kuliko programu. Mti hautambuliki kwa picha ya taji peke yake: pigeni jani pande zote mbili, jinsi majani yanavyojipanga kwenye tawi, gome, ua au tunda, na mti mzima. Chura apigwe ubavuni na mgongoni. Kipepeo aliyekunja mabawa apigwe hivyohivyo, mara nyingi upande wa chini ndio wenye alama. Picha zote za kiumbe mmoja ziingie kwenye rekodi moja, si tano.

Panapokwama. Mwembe wa uani uliopandwa hauna budi kuwekewa alama kuwa umepandwa, la sivyo unaingia ramani ya porini. Wadudu na mimea midogo ya kwetu ina watambuzi wachache, hivyo rekodi inaweza kungoja miezi. Pendekezo la mashine lisipokelewe kwa macho yaliyofumbwa. Likitaja spishi ya bara jingine, rudini kwenye jenasi au familia.

Suala la siri ndilo la kukaa nalo. Spishi nyingi zilizo hatarini hufichwa na mfumo wenyewe, na mahali huonyeshwa kama nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, ambao kwa ukanda wetu ni kama kilomita 22 kila upande. Inatosha? Si kila mara. Mtu akipiga kobe bapa wa miambani saa 4:10, ambaye biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 2019, halafu saa 4:15 akapiga ua la kawaida mita 50 mbele na kuliacha wazi, mwenye akili ataunganisha mawili hayo. Siku ya kiumbe nyeti, ficheni rekodi zote za matembezi hayo. Msiandike kwenye maelezo "nyuma ya jiwe karibu na shule." Na dawa za asili ambazo ukoo unazilinda, kama zile za ndani ya kaya, misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya, hazina sababu ya kupakiwa kabla wazee hawajaridhia.

Jambo jingine: iNaturalist haihesabu. Rekodi nyingi za tumbili kando ya barabara zinaeleza barabara. Kuhesabu kunataka utaratibu mkali, kama ule wa zoezi la pundamilia wa Grevy lililoanza Kenya Januari 2016, ambapo wananchi walielekezwa kupiga ubavu wa kulia tu. Milia ya kulia na ya kushoto hailingani. Ukichanganya, pundamilia mmoja atahesabiwa wawili. Wanaopenda ndege Kenya wana njia ya kati: Kenya Bird Map hugawa nchi katika miraba ya kama kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili hutaka si chini ya saa 2 za kutafuta ndege ndani ya siku zisizozidi 5. Hapo juhudi inajulikana, na ndege asiyeonekana naye anakuwa taarifa.

Inawafaa shule, waongoza watalii, vikundi vya vijana, na kijiji kinachotaka orodha ya viumbe wake kwa ajili ya mpango wa usimamizi au utalii. Isitumike kurekodi uhalifu.

## Forest Watcher

Kazi yake. Kuleta kwenye simu tahadhari za setilaiti kutoka Global Forest Watch ya World Resources Institute, ili mwende mahali hasa palipobadilika. Tatu zilizotangulia zinaanza na mtu. Hii inaanza angani. Ilitoka mwaka 2017.

Mahitaji. Simu, akaunti, mpaka wa msitu, na mtandao wa kutosha kupakua ramani kabla ya safari.

Kuanza. Kwenye tovuti choreni au pakieni eneo. Kwenye simu, mkiwa na mtandao, pakueni ramani ya msingi na tahadhari. Porini simu inawaongoza hadi kwenye nukta. Mkifika mnajaza ripoti fupi na picha, ambayo hupanda mkirudi kwenye mtandao. Tahadhari zikiwa nyingi kuliko miguu, anzeni na zenye uhakika mkubwa zilizokaa pamoja, tano na kuendelea. Nukta moja ya pekee iwe ya mwisho.

Panapokwama. Tahadhari za GLAD, zinazotegemea picha za setilaiti za Landsat, zina pikseli ya mita 30, yaani mita za mraba 900. Mpingo mmoja ukikatwa na kuburutwa usiku, hakuna kitakachoonekana. Shamba jipya la ekari mbili litaonekana. Kwa hiyo kijiji ambacho adui yake ni mchagua miti, setilaiti itakipa usingizi wa uongo.

Mawingu ni kikwazo cha pili: Usambara na Udzungwa zinaweza kufunikwa wiki kadhaa, na tahadhari ikatoka miti imekwisha kuwa mbao. Rada haijali mawingu. Mfumo wa RADD unaotumia rada ya setilaiti ya Sentinel-1 una pikseli ya mita 10, ila umetengenezwa kwa misitu minene ya mvua. Ituri au Tshopo, Congo, unafaa sana. Kwenye miombo ya Lindi au Tabora msiutegemee; huko miti hupukutisha majani kiangazi na moto hupita chini, kwa hiyo hata tahadhari za picha za kawaida hutaka kuhakikiwa kwa miguu kabla ya kumshtaki mtu.

Nukta za moto za VIIRS, kifaa kingine cha setilaiti, zina pikseli ya mita 375. Nukta si moto. Ni kitovu cha eneo la hekta 14, na moto unaweza kuwa kona yake yoyote. Miezi ya Juni hadi Oktoba zitakuwa nyingi kupindukia, na nyingine zitakuwa uchomaji wenu wenyewe wa mapema.

Inawafaa vijiji vyenye msitu mkubwa kuliko wanaoweza kuutembea, ambako tishio ni mashamba na ufyekaji wa wazi.

## Kamera na vinasa sauti?

Vije baada ya moja kati ya hizo nne kufanya kazi mwaka mzima. Kamera inayopiga yenyewe mnyama akipita hufungwa kwenye mti urefu wa goti, ikielekea kaskazini au kusini ili jua lisiiwashe, na majani ya mbele yakatwe. Unyasi mmoja unaopepea hujaza kadi kwa siku chache kwa picha tupu. Kinasa sauti cha AudioMoth hutumia betri tatu za AA na kadi ndogo. Kukinunua ni rahisi kuliko kumpata wa kusikiliza saa mia tano za mvua. Thamani ya kamera kwa jamii inaweza isiwe sayansi kabisa: jirani na Ruaha, vijiji hupewa kamera na kujipatia pointi kwa kila mnyama anayepigwa, na pointi hugeuka msaada wa shule, afya na mifugo. Hapo simba aliye hai ana hesabu upande wa faida.

## Kwa hali yenu

Mna watu sita, doria moja kwa mwezi, kompyuta ni ya kuazima tu: Kobo, fomu ya maswali nane na zile mbili za kuanza na kumaliza. Mkishindwa nayo kwa miezi mitatu, daftari na GPS si aibu.

Mna VGS wanaolipwa posho, ofisi yenye umeme na jirani mwenye SMART: chukueni SMART, lakini mkubaliane kwanza nani atakuwa mtu wa takwimu na siku zake mbili zitalipwa na nani.

Msitu ni mkubwa na mashamba yanaula kutoka pembeni: Forest Watcher ichague pa kwenda, na Kobo au SMART iandike kilichokutwa. Huu ndio mchanganyiko pekee tunaoupendekeza tangu mwanzo, kwa sababu kazi zao hazigongani. Adui akiwa mchoma mkaa mdogomdogo au mpasua mbao wa mti mmojammoja, iacheni Forest Watcher na muweke nguvu kwenye doria.

Shule, kambi ya watalii au kikundi cha wapenda ndege: iNaturalist, na kwa ndege Kenya, Bird Map. Msiwape simu za doria. Mtu anayewinda picha ya kipepeo haoni waya.

BMU: Kobo, karibu kila wakati.

Na mfadhili akija na programu yake isiyokuwamo humu, mwulizeni mambo matatu kwenye kikao na majibu yaingie kwenye muhtasari: tutapata nakala ya rekodi zote kila mwezi katika faili la Excel au CSV, nani atamfundisha mtu wa pili huyu wa kwanza akiondoka, na seva italipiwa na nani mwaka mmoja baada ya mradi kwisha. La kwanza likijibiwa "tutaangalia", endeleeni na Kobo sambamba mpaka faili la kwanza lifike.